Kabla ya Kushangilia Wanaojitoa, Tumkumbuke Hadijatou Mani



Jumatatu ya wiki hii, tarehe 22 Septemba 2025, Mali, Burkina Faso na Niger zimetoa tamko la pamoja kwamba zinajitoa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, na kwamba zimetoka hapo hapo. Haikuchukua muda klipu zikaanza kumiminika kwenye grupu letu la vijana. Kapteni Ibrahim Traoré na bereti yake nyekundu, muziki wa kishujaa kwa nyuma, na chini komenti za aina ile ile: "Huyu ndiye mwanaume." "Afrika imeamka." Kisha mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana na ambaye nimesimama naye juani nje ya Kisutu zaidi ya mara moja, akaandika hivi: "Walianza na ECOWAS, sasa ICC. Na sisi tutoke EAC tu, ile ni klabu ya marais." Dole gumba zikamiminika.

Nilianza kumjibu pale pale. Nikafika meseji ya nne nikajiona nachafua grupu, nikafuta. Naandika hapa, taratibu, kwa sababu nadhani tunashangilia kitu ambacho siku kikija kwetu sisi ndio tutakuwa wa kwanza kulia.

Nianze na yale ambayo mwenzangu yuko sahihi, maana si machache. ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika Magharibi iliyoundwa Lagos mwaka 1975, kweli imekuwa na tabia ya klabu. Mwaka 2015 marais walikutana Accra na mezani kulikuwa na pendekezo la kuzuia mtu yeyote kukaa zaidi ya mihula miwili katika nchi wanachama zote. Togo na Gambia zikakataa, pendekezo likafa. Mwaka 2020 Alpha Condé wa Guinea na Alassane Ouattara wa Côte d'Ivoire wakagombea muhula wa tatu kila mmoja, na hakuna mpaka uliofungwa kwa ajili hiyo. Lakini wanajeshi walipopindua, jumuiya ikakumbuka ghafla kwamba ina meno. Januari 2022 Mali ikafungiwa mipaka na fedha zake zikazuiwa. Tarehe 26 Julai 2023 Rais Mohamed Bazoum akapinduliwa Niger, na siku nne baadaye vikwazo vikashuka: mipaka imefungwa, akaunti zimezuiwa, na juu yake tishio la kupeleka majeshi. Nigeria ikakata umeme. Niger ilikuwa inapata karibu asilimia 70 ya umeme wake kutoka Nigeria. Malori yakapanga foleni upande wa Benin, pale Malanville, yakiwa na vyakula vinaharibika.

Sasa wewe kaa Niamey gizani, friji imezima, dawa hakuna, halafu mtu akuambie jumuiya ni undugu. Hasira ile ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya haki. Vikwazo vilimpiga mama muuza samaki, jenerali aliendelea kula. Ndiyo maana Septemba 2023 nchi hizo tatu zilipounda muungano wao wa Sahel, AES, watu walijaa viwanjani bila kulipwa. Na Januari 28, 2024 zilipotangaza kujitoa ECOWAS, walijaa tena. Kujitoa kukakamilika rasmi Januari 29 mwaka huu. Jumuiya ya nchi 15 ikabaki na 12.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni moja: alipotoka, nani alipoteza nini?

Kwenye biashara jibu ni la kati, na tusidanganyane. Wale waliotabiri kwamba Ouagadougou itakosa mkate siku inayofuata walikosea. Nchi zile tatu zimebaki kwenye UEMOA, umoja wa nchi zinazotumia faranga ya CFA, kwa hiyo sarafu haikubadilika, na na majirani kama Benin, Togo, Senegal na Côte d'Ivoire bado wana mkataba mwingine unaowaunganisha. ECOWAS yenyewe ikatangaza kwamba itaendelea kutambua pasipoti na vitambulisho vyenye nembo yake, na bidhaa ziendelee kupita kama kawaida mpaka watakapokubaliana vinginevyo. Mfanyabiashara wa kawaida wiki ile ya kwanza hakuona tofauti.

Lakini someni vizuri hayo maneno, "mpaka watakapokubaliana vinginevyo". Chini ya itifaki ya mwaka 1979, raia wa Niger alikuwa na haki ya kuingia Nigeria na kukaa siku 90 bila viza. Alikuwa na haki, na afisa uhamiaji akimsumbua angeweza kumtajia kifungu. Leo anaingia kwa hisani. Ng'ombe na vitunguu vinavyotoka Niger kwenda Nigeria, nyanya zinazotoka Burkina Faso kwenda masoko ya Ghana, hivyo vyote vinapita kwa sababu mwenye mpaka hajaamua kuvizuia. Na Machi mwaka huu nchi za AES zenyewe zikaanza kutoza asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje ya muungano wao, yaani hata kutoka kwa majirani waliokuwa nao jumuiya moja miezi miwili kabla. Nani analipa hiyo? Bei inapanda kwenye kilo ya sukari, na kapteni hanunui sukari sokoni.

Halafu nchi zote tatu hazina bahari. Kila lita ya mafuta, kila mfuko wa saruji unaotoka ng'ambo lazima upite kwenye ardhi ya mtu mwingine. Fikirieni Rwanda na Burundi ziamke kesho hazina mkataba wowote na sisi kuhusu bandari ya Dar es Salaam, wanategemea tu kwamba tumeamka vizuri. Hapo ndipo Sahel imejipeleka yenyewe.

Bado hilo si jambo langu kubwa. Biashara hujadiliwa upya. Mawaziri watakaa, watakunywa chai, watapata mkataba mwingine, pengine hata bora. Ninachotaka mkione ni kitu ambacho hakumo kwenye klipu yoyote, na mimi mwenyewe nisingekijua kama nisingepangiwa kukisoma mwaka wa pili kwa ajili ya mashindano ya kesi za kuigiza chuoni.

Mwaka 1996, nchini Niger, binti wa miaka 12 aitwaye Hadijatou Mani aliuzwa. Sitii chumvi. Mwanaume mwenye wake wanne alimnunua kwa faranga za CFA 240,000 awe mtumwa wa nyumbani, kwa desturi iitwayo wahaya. Alifanya kazi shambani na ndani, akabakwa, akazaa. Niger ilikuwa na katiba inayokataza utumwa, na mwaka 2003 ikaweka adhabu ya utumwa kwenye sheria yake ya jinai. Mwaka 2005 bwana yule akampa cheti cha kuachiwa huru. Alipotaka kuondoka akamwambia hapana, wewe ni mke wangu.

Hadijatou akaenda mahakamani. Ngazi ya kwanza akashinda, mahakama ikasema hapakuwa na ndoa. Akaolewa na mwanaume aliyemchagua mwenyewe. Kesi ikaendelea juu, mambo yakageuka, na mwaka 2007 mahakama ya nchi yake ikamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kosa la kuolewa na waume wawili. Yaani mtumwa alifungwa jela kwa kumsaliti aliyemnunua. Nilisoma pale mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya.

Nchi yake ilikuwa imemaliza naye. Kilichobaki ni mlango mmoja, Mahakama ya ECOWAS yenye makao Abuja. Mwaka 2005 jumuiya ilipitisha itifaki ya nyongeza inayomruhusu mtu binafsi, si serikali, kufungua kesi moja kwa moja kuhusu ukiukwaji wa haki za binadamu. Na tofauti na mahakama nyingi za kimataifa, haimlazimishi kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nyumbani. Aprili 2008 majaji wakasafiri hadi Niamey wakasikiliza mashahidi huko huko. Tarehe 27 Oktoba 2008 wakatoa hukumu kwamba Niger ilishindwa kumlinda Hadijatou dhidi ya utumwa, na imlipe faranga milioni 10. Niger ikalipa.

Mwanamke asiye na elimu ya shule, kutoka kijijini, aliishtaki serikali yake akaishinda. Mlango aliopitia ndio uliofungwa Januari 29 mwaka huu. Kwa Niger, kwa Mali na kwa Burkina Faso, pamoja. Binti mwingine wa aina yake akitokea leo, na desturi ile haijafa, hawezi tena kupita mlango ule wa Abuja aliopita mwenzake.

Najua jibu litakalokuja: wameshasema wataunda mahakama yao ya Sahel ya jinai na haki za binadamu. Sawa. Majaji wake watateuliwa na nani? Agosti mwaka jana nchini Burkina Faso mahakimu na waendesha mashtaka kadhaa, waliokuwa wakishughulikia malalamiko dhidi ya watu wa karibu na utawala, waliandikiwa amri za kwenda mstari wa mbele vitani. Amri zilitolewa kwa kutumia agizo la uhamasishaji wa jumla la mwaka 2023, ambalo linampa mtawala uwezo wa kumwita raia yeyote jeshini. Jaji anayejua kwamba hukumu yake inaweza kumvalisha gwanda, huyo mnamtarajia aandike nini?

Na hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakali zaidi na hizi klipu, sisi wa upinzani kuliko mtu mwingine yeyote. Machi mwaka huu Niger ilivunja vyama vyote vya siasa. Mei 13 Mali ikavunja vyama vyote vya siasa. Wala hawakubagua, kwamba chama fulani kimekula rushwa au kimepokea fedha za Ufaransa. Vyote. Grupu kama hili letu, kadi tulizolipia, bendera zile tunazoficha kwenye mabegi tukipita vituo vya polisi, huko zimekuwa kosa kwa karatasi moja. Burkina Faso, vijana wa Balai Citoyen, ndio hao hao walioingia mitaani mwaka 2014 na kumwondoa Blaise Compaoré baada ya miaka 27. Makamanda halisi. Mwaka jana baadhi yao walichukuliwa na kupelekwa jeshini kwa nguvu, na mwanzilishi mwenza wao, wakili Guy Hervé Kam, akakamatwa Januari 2024, kabla hata mwezi haujaisha nchi yake ikatangaza kujitoa ECOWAS.

Bazoum naye, Mahakama ya ECOWAS iliamuru Desemba 2023 aachiwe mara moja. Hadi naandika hajaachiwa, yeye na mkewe. Mtasema basi mahakama hiyo haina maana. Nitarudi hapo.

Jambo ambalo linanikera kama mwanafunzi wa sheria, na naomba mnivumilie kidogo, ni la notisi. Mkataba wa ECOWAS uliorekebishwa mwaka 1993 unasema kwenye Kifungu cha 91 kwamba nchi ikitaka kujitoa itoe notisi ya maandishi ya mwaka mmoja, na mwaka huo wote ibaki inatekeleza wajibu wake. Januari 2024 zile nchi tatu zikasema zinatoka "bila kuchelewa". Wiki hii kuhusu ICC wamesema hivyo hivyo, wakati Mkataba wa Roma, Kifungu cha 127, unadai mwaka mmoja pia. Mara mbili watu wale wale wanaruka kifungu kile kile. Na Mali ndiyo iliyopeleka suala lake ICC yenyewe, Julai 2012, ilipokuwa inateseka na wale waliovunja makaburi ya Timbuktu.

Ule mwaka mmoja haukuwekwa kumlinda katibu mkuu wa jumuiya na marupurupu yake. Uliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Mali aliyeko chuo cha Accra ajue ada yake itakuwaje, mchungaji anayevuka na ng'ombe ajue kama mwakani atavuka, mtu mwenye kesi mahakamani ajue kama itasikilizwa. Mkubwa anayesema "natoka leo" anasema kwamba hao wote si sehemu ya hesabu zake. Na la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha: Mali ilipowekewa vikwazo mwaka 2022 ilikimbilia mahakama ya UEMOA, na Machi 24 mwaka huo mahakama ikaamuru vikwazo vya UEMOA visimamishwe. Niger nayo ilikwenda Mahakama ya ECOWAS mwaka 2023 kupinga vikwazo, ikakataliwa. Kumbe mlango ni mzuri ukiwa wewe ndiye unayebisha hodi.

Nani aliulizwa kabla ya kutoka? Hakuna nchi hata moja kati ya hizo tatu iliyokuwa na bunge lililochaguliwa na wananchi siku ile. Hakukuwa na kura ya maoni. Watu watatu waliokuja na bunduki walikubaliana, tamko likasomwa kwenye televisheni.

Sasa turudi nyumbani, kwa mwenzangu wa "na sisi tutoke EAC".

Kwanza, sisi kutoka tumeshawahi. Wazee wetu wanaikumbuka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipokufa na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kugawana mali tu, treni, ndege na madeni, kulichukua hadi 1984. Mwaka 2000 tukajitoa COMESA. Muulizeni mtu yeyote wa rika langu kama anajua tuliwahi kuwa ndani.

Lakini kuna kujitoa kwingine kwa karibu zaidi, na huko ndiko kulikotuuma sisi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, kwenye ardhi yetu. Kwa miaka kadhaa Mtanzania aliweza kwenda huko mwenyewe, kwa sababu nchi yetu ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki. Ndiko Mchungaji Christopher Mtikila alikoshinda mwaka 2013 kuhusu mgombea binafsi. Ndiko wafungwa walikokuwa wakiandika maombi yao wenyewe kutoka gerezani. Novemba 2019 serikali ikapeleka barua ya kuondoa lile tamko. Barua tu. Ilianza kufanya kazi Novemba 22, 2020, na hata huo mwaka mmoja katikati tuliupata kwa sababu mahakama yenyewe ilishaamua mwaka 2016, kwenye kesi ya Victoire Ingabire dhidi ya Rwanda, kwamba nchi haiwezi kuondoka papo kwa papo.

Julai 2020, kwenye kesi ya wakili Jebra Kambole iliyofunguliwa wakati mlango bado uko wazi, mahakama hiyo ilisema Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inakiuka Mkataba wa Afrika. Ni ile ibara inayosema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Leo imebaki mwezi mmoja na siku kadhaa kufika Oktoba 29. Ibara bado ipo. Na wewe ukitaka kwenda Arusha kwa njia ile ile aliyopita Kambole, huwezi. Tulitolewa. Sikumbuki mtu aliyepiga vigelegele kwenye grupu siku hiyo.

Tulichobaki nacho ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ya hiyo hiyo EAC tunayotaka kutoka. Machi 2022 ilisema vifungu vya marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Waliofungua kesi ile ni viongozi wa upinzani, Freeman Mbowe na wenzake wa vyama mbalimbali. Mei 18 mwaka huu wakili Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, alizuiwa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere akija kufuatilia kesi ya uhaini ya Mwenyekiti wetu Tundu Lissu, akarudishwa. Siku iliyofuata Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda wakakamatwa. Walipoachwa karibu na mipaka ya nchi zao wakasema waliteswa. Katikati ya Julai wakafungua kesi. Wapi? Mahakama ya Afrika Mashariki. Kwa mkataba upi? Huo huo wa klabu ya marais. Bila huo mkataba wangekuwa wageni wawili waliofukuzwa, basi, na hakuna mtu wa kumuuliza mtu swali.

Nilisema nitarudi kwenye hukumu zisizotekelezwa. Ni kweli, jamani, na inakatisha tamaa. Hukumu ya Mtikila ina miaka kumi na miwili na mgombea binafsi hajaonekana. Bazoum bado yuko ndani. Mimi mwenyewe kuna siku nafunga kitabu najiuliza ninasomea nini. Lakini jiulizeni jambo moja: kama hukumu hizi ni makaratasi tu, kwa nini serikali zinahangaika kujitoa? Mtu hahami nyumba kwa kumkimbia jirani asiyemsumbua. Hukumu inabaki pale. Inanukuliwa na wakili mwingine, kwenye kesi nyingine, mbele ya jaji mwingine. Inawekwa mezani siku nchi inapoomba mkopo au inapotaka sifa. Na mara nyingine, kama kwa Hadijatou, inalipwa.

Kwa hiyo msimamo wangu, na mnaweza kunipinga: EAC tuikosoe mpaka ikonde. Tudai wabunge wa Afrika Mashariki wachaguliwe na wananchi, tudai hukumu zitekelezwe, tuwaseme marais wanaokaa kimya jirani yao anapoiba kura. Lakini yeyote anayesema tutoke, awe wa chama tawala au wa kwetu, aambiwe kwamba Kifungu cha 145 cha Mkataba wetu kinataka azimio la Bunge la theluthi mbili ya wabunge wote, ndipo notisi ya miezi kumi na miwili. Kifungu hicho tukijue kwa moyo. Tamko lililoondolewa mwaka 2019 halikuwa na kinga kama hiyo, ndiyo maana liliondoka kwa barua.

Na la mwisho ni la kazi. Kifungu cha 30 cha Mkataba kinamruhusu mtu yeyote anayeishi ndani ya Jumuiya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga sheria, amri au kitendo cha serikali, lakini ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu alipokijua. Miezi miwili tu, na mahakama haina utani nayo, imetupa kesi nyingi nzuri kwa kuchelewa. Mwangi na Atuhaire waliwahi. Masjala iko Arusha, na kuna masjala ndogo Dar es Salaam. Wale mliokamatwa kwenye mikutano, mliozuiwa kusafiri, mlionyang'anywa simu na hazijarudi: andikeni tarehe, saa, kituo, na majina ya walioshuhudia, leo, kabla hamjasahau. Kuna mwenzetu kanipigia jana kuhusu jambo lililotokea Julai 29. Nimemwambia ana hadi Jumatatu.